Moshi wa Jirani

Nilipoajiriwa kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, mimi na mume wangu tulitoka kijijini kwetu Munje tukaja kupanga Ukunda. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na wa pili alikuwa tumboni. Chumba tulichokipata kilikuwa katika nyumba ndefu ya vyumba vinavyotazamana, mlango kwa mlango, na katikati ujia mwembamba ambao ukikutana na mwenye ndoo, mmoja wenu hana budi kurudi nyuma. Dirisha letu lilikuwa moja tu, na lilitazama uani. Nililipenda. Nilimwambia mume wangu kwamba angalau watoto watapata hewa.

Ukunda ilikuwa inajaa mbele ya macho yetu. Palipobaki nafasi ya mnazi mmoja, paliinuka vyumba vya kupangisha. Watu wa bara walikuja kufuata kazi za hoteli, na sisi wa pwani tulitoka vijijini kwa sababu hiyo hiyo, tukabanana pamoja. Nyuma ya uani wetu palikuwa na shimo kubwa lililobaki baada ya kuchimbwa mawe ya kujengea mtaa ule. Mawe yalipokwisha, shimo likawa jaa. Humo zilitupwa nepi za watoto, mifuko, chupa, maganda, hata magodoro yaliyooza. Baada ya swala ya alasiri, yeyote aliyechoka kuliona lilivyofura alilitia kiberiti. Hapakuwa na zamu wala ruhusa. Moshi wake ulikuwa mzito, ukaingia vyumbani bila kubisha hodi na kulala kwenye nguo zetu mpaka asubuhi.

Uani humo humo alikaa mama karanga. Ndivyo tunavyowaita huku wanawake wanaonunua samaki, wakawakaanga na kuwauza jioni. Alikuwa mjane, mtu wa Shimoni, na samaki wake walimjia kutoka huko kila siku. Alikaangia chini ya kipaa cha mabati, hatua chache kutoka dirisha letu, kwa karai pana kama uteo wa kupepetea mchele. Mimi nilimwita mamkubwa ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Binti yangu alipozaliwa, ni yeye aliyenikanda na kunipikia uji wa pilipili manga. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, ni yeye aliyebaki na mtoto. Aliwalisha wanangu wote wawili kutoka karai lile, akawachambulia miiba kwa vidole vyake. Bila yeye nisingaliweza kushika kazi hata mwezi mmoja.

Binti yangu alikuwa ameanza chekechea pale kifua kilipombana mara ya kwanza kwa namna ya kuogofya. Kikohozi alikuwa nacho tangu uchanga, na sisi tulizoea kusema huyu mtoto hapatani na baridi. Siku hiyo nilirudi kazini jua bado liko juu, nikamkuta ameketi kizingitini, mikono ameikaza magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kishimo cha shingo kilizama kila alipovuta pumzi. Nilimuuliza ana nini. Akaanza kunijibu, na neno likamkatikia kinywani.

Mamkubwa alikuwa amemchua mgongo kwa mafuta ya nazi na kitunguu thomu, na alikuwa bado anamsomea dua. Nilimpigia simu mume wangu, ambaye anaendesha tuktuk. Alimshusha abiria wake njiani akaja. Hospitalini walimfunika mtoto pua na mdomo kwa kifuniko cha mashine ya mvuke wa dawa, nami nikayatazama mabega yake yakiteremka kidogo kidogo, kama ya mtu anayetua mzigo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisema ni pumu. Alitupa kipulizio cha dawa, ile tunayoiita inhela, akatuonyesha jinsi ya kuitoboa chupa ya plastiki na kuichomeka humo ili mtoto mdogo aweze kuivuta. Kisha akauliza habari za moshi nyumbani. Nilimjibu upesi kwamba kwetu hakuna mvuta sigara.

"Sikukuuliza sigara, mama," alisema. "Ninakuuliza, ni nini kinachochomwa karibu na mlango wako?"

Nilimtajia jaa. Samaki sikuwataja. Si kwamba nilificha, bali halikunipitia akilini. Moshi wa jaa ulinuka uchafu, na moshi wa mamkubwa ulinuka chakula cha jioni. Sikuuhesabu kuwa ni moshi.

Dawa ilimsaidia, lakini kifua hakikuacha kurudi. Nililiziba lile dirisha nililolipenda kwa kanga iliyoloweshwa maji, tukawa tunapikika ndani kwa joto. Mume wangu alitafuta vyumba kwingine. Kila alipokwenda kutazama, alirudi na habari ya moshi mwingine: hapa kinu cha kusaga cha dizeli, pale wachomeleaji wa vyuma, kule barabara ya malori ya mchanga ambayo vumbi lake halikai chini tangu asubuhi. Kila mtaa ulikuwa na jaa lake na kiberiti chake.

Mama yangu alipopata habari alipiga simu kutoka Munje, na hakutaka kusikia maelezo marefu.

"Mlete huku," alisema. "Huku kuna bahari. Upepo hauna mwenyewe, atavuta atakavyo."

Mume wangu aliona ni neno la busara. Mimi nilisita, kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo na sikuwahi kulala mbali naye. Lakini shule zilipofungwa tulimfungia nguo zake na dawa yake, tukampeleka. Habari za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Mama alisema mtoto anakimbia na kuku, anakula vizuri, kifua kimetulia. Wakaanza kuzungumza, yeye na mume wangu, kuhusu kumhamishia shule ya huko. Nilikubali kwa mdomo. Chumba chetu kilikuwa kimya bila kikohozi chake, na ukimya ule niliuchukia.

Kisha mvua za masika zikaanza. Simu ya mama ilinikuta ninakunja mashuka. Alisema tu kwamba wako hospitali ya Msambweni na mtoto anatiwa dawa, nije. Niliondoka na sare ya kazini.

Nilimkuta mama ameketi kwenye benchi nje ya wodi, miguu ina tope mpaka magotini. Alikuwa amembeba mjukuu wake mgongoni kutoka nyumbani hadi barabarani kutafuta pikipiki. Nilimshika mkono, nikamwamkia. Aliitikia.

"Nilidhani hewa ya Munje ni dawa," alisema. "Na alikuwa jikoni pamoja nami, mwanangu. Hakuwa ametoka hata nje. Tulikuwa tunakuna nazi."

Mtoto aliporuhusiwa tulirudi wote kwa mama, na niliingia katika jiko lile kana kwamba sijawahi kuliona. Nililelewa humo. Kuta zilikuwa nyeusi kama sufuria, na masizi yalining'inia kwenye makuti mfano wa nyuzi za buibui. Kwa kuwa mvua ilinyesha, mlango ulikuwa umerudishwa, na kuni zilikuwa mbichi. Makumbi ya nazi yalikuwa yanafuka chini ya chungu. Mama aliinama kuyapuliza, akakohoa. Ni kikohozi nilichokisikia maisha yangu yote. Nilikijua kama nilivyojua mwendo wake, nikidhani kuwa ni sehemu ya sauti yake. Siku hiyo nilikisikia kikohozi chenyewe.

Hapo ndipo niliposhika uamuzi ambao sijauacha hadi leo. Hakukuwa na mahali pa kumpeleka binti yangu. Kote nilikoweza kumpeleka kulikuwa na mtu anayempenda, na mtu huyo alikuwa na moto. Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto harudi Munje kuishi wala hatuhami chumba. Kama kuna cha kuhamishwa, kitakuwa moshi. Aliniangalia, akasema sawa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayemwonea huruma mkewe.

Nilianza na jaa, kwa kuwa halikuwa la mtu. Mwenzangu alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mwanamke wa Machakos aliyekuwa na saluni upande wa barabara. Hatukuwa marafiki sana hapo awali. Yeye aliniona mimi na heshima zangu nyingi, nami nilimwona yeye na maneno yake makavu. Nilipomweleza alisema, "Jirani, hiyo moshi inatumaliza wote. Hata mimi niko na mtoi mdogo kama wako. Twende tuongee na hawa watu leo leo."

Tulikwenda mlango kwa mlango. Wanawake walitusikiliza, wanaume wengine walicheka. Mwenye nyumba aliuliza kwa upole kabisa, tusipochoma, taka tutazila? Lilikuwa swali la haki, na tulilitafutia jibu. Tulikubaliana na kijana mwenye mkokoteni awe anakuja kuchukua taka kupeleka zinakokusanywa na kaunti, kila chumba kichangie. Wengi walichanga, wachache walitupa kwa kujificha. Na kiberiti hakikukoma kwa mkutano mmoja. Ikawa nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, ninakwenda kusimama kwenye ukingo wa shimo na ndoo ya maji. Aliyewasha, nilizima mbele ya macho yake, nikamwamkia vizuri na kuondoka. Watoto wa mtaa wakanipa jina la Zimamoto. Mwanangu wa kiume aliona aibu, akaniomba nisiwe ninakwenda na sare. Nilikwenda nayo, maana sikuwa na wasaa wa kubadili.

Jaa lilipungua, kisha likakoma. Sitasema lilikomeshwa na ndoo yangu peke yake. Mwenye nyumba alipoona pamekuwa safi alilijaza shimo kifusi na kujenga vyumba vingine juu yake. Kwa hiyo tulipata majirani wapya na msongamano zaidi, lakini jioni zetu zikawa na harufu ya saruji badala ya nepi.

Na binti yangu aliendelea kubanwa. Si kila siku, lakini karibu kila mara ilikuwa jioni. Ndipo mume wangu, ambaye husema machache, alipolitoa neno ambalo mimi nilikuwa ninalizunguka. Alisema, "Umeuzima moto wa watu wote isipokuwa mmoja."

Nilijua. Nilikuwa nimeuona, kutoka dirishani, tangu siku niliporudi kutoka Munje. Mamkubwa aliwasha kwa kipande cha ndara kuukuu au mfuko wa plastiki, kwa kuwa hushika upesi. Alichochea kwa makumbi na masalia ya mbao kutoka kwa seremala, nyingine zina rangi na vanishi. Na ubavuni pake, juu ya kibao, alikaa binti yangu akisubiri mkia wa samaki.

Nilimwendea asubuhi, kabla ya kazi, alipokuwa anapaa samaki magamba. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu. Nikakaa chini karibu naye. Nilizungumza kwa mzunguko mrefu, nikaanza na daktari, nikapita Munje, nikapita jikoni kwa mama, na nilipofika kwenye karai lake kisu chake kilikuwa kimeshasimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua mtoto niliyemlea," alisema.

"Sikusema hivyo, mamkubwa. Nimesema moshi."

"Moshi huu umenisomeshea watoto. Ukanilishia na wako."

Ilikuwa kweli tupu. Nilisema tu kwamba ninaomba tushauriane, huenda pana njia, kama lile jiko la dohani nililoliona kazini. Akaendelea kupaa samaki. Magamba yaliniruka mikononi, nikaelewa kuwa mazungumzo yamekwisha.

Alasiri ile watoto wangu waliporudi shuleni walikuta mlango wake umefungwa. Hakuwatukana wala hakuwafukuza, alifunga tu. Kipindi kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kile cha jaa. Niliomba zamu ya alfajiri ili niwahi kurudi, na siku nisipoipata, watoto walishinda saluni kwa jirani yangu, mahali penye harufu ya dawa za nywele, au walizunguka na baba yao kwenye tuktuk wakifanya kazi za shule katikati ya vumbi la stejini. Binti yangu hakuelewa kosa lake. Aliniuliza kwa nini bibi wa samaki amekasirika. Nilimwambia hakukukasirikia wewe.

Kuna waliosema nimekosa adabu, kwamba mtu aliyenikanda uzazi sikupaswa kumwendea na lawama. Huenda. Lakini sikurudi nyuma. Kila asubuhi nilipita kipaani pake na kumwamkia, na kila asubuhi alinijibu marahaba bila kuinua uso. Hakuwa mtu wa kuiacha shikamoo chini. Uzi huo mmoja ndio uliobaki kati yetu, nami nikawa nauvuta polepole.

Aliyetutoa hapo ni mama yangu. Alikuja kututembelea, akanikuta nimekonda, akauliza. Nilipomweleza hakunishauri kitu. Alivaa baibui lake, akatoka uani kumwamkia mwenzake. Walikuwa wa hirimu moja, na walikuwa wamejuana tangu binti yangu azaliwe. Nilikuwa ndani ninamenya viazi, dirisha liko wazi. Walianza na habari za nyumbani, za wajukuu, za bei ya samaki. Mama alikohoa, akapewa maji. Kisha nikamsikia akisema:

"Dada yangu, mimi nilimwita mjukuu wangu aje kwangu apone. Nikamkalisha jikoni, karibu yangu kabisa, kwa mapenzi. Moto wangu ndio uliombana. Nilimbeba kwenye mvua naye hawezi hata kulia. Je, mimi ni adui yake?"

Nilisimamisha kisu. Ndipo nikasikia sauti ya mamkubwa, chini sana, akiuliza, "Hakuweza kulia?"

"Hakuweza."

Mama aliingia ndani baadaye, akakaa, akauliza kama viazi vimeiva.

Mama alikuwa ameshaondoka kurudi Munje pale mamkubwa aliponiita, asubuhi, akiwa ameshika kisu na samaki mkononi. Aliuliza lile jiko la dohani nililosema, linakaaje. Nilimweleza nilivyoona katika kantini ya wafanyakazi hotelini: tanuri la udongo na matofali, mdomo mmoja wa kuni, na bomba la bati linalopandisha moshi juu ya paa. Alisema karai lake halitakaa juu ya kitu kama hicho. Nikamwambia tumwite fundi alipime karai kwanza, ndipo ajenge.

Haikwenda vizuri mara moja. Fundi alijenga kona ya mbali ya uani, lakini dohani alilolitia lilikuwa fupi, na moshi wote ukamwagika katika saluni ya jirani yangu, akiwa katikati ya kumsuka mteja. Alitoka na kitana mkononi akatuambia mambo ambayo sitayaandika. Mume wangu alipanda mwenyewe juu ya paa kuunganisha kipande cha pili cha bati. Halafu moto ukawa hauna nguvu, samaki wakanyonya mafuta wakalegea, wateja wakalalamika. Mamkubwa alitaka kulibomoa. Tulipanua mdomo wa kuni, tukatafuta kuni kavu za mkaratusi, na mwenyewe akagundua kwamba vifuu vya nazi vikikaushwa juani vizuri huwaka kwa ukali bila kufuka sana. Mbao za rangi aliziacha. Ndara aliziacha kwa shida, kwa sababu, alisema, hakuna kinachoshika moto kama ndara.

Mlango wake ulifunguliwa tena kwa wanangu. Siku ya kwanza binti yangu alikwenda mwenyewe na kibao chake. Mamkubwa akakichukua, akakiweka upande upepo unakotoka, akamwambia hapo ndipo kiti chako sasa. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Jioni ile alituletea sahani ya samaki iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kama zamani.

Binti yangu hakupona pumu. Yuko gredi ya sita sasa, ana inhela mfukoni mwa sketi ya shule, na anajua kuitumia kuliko mimi. Msimu wa vumbi bado humsumbua, na kuna siku pumzi yake hunusurika kwa dawa tu. Lakini hatujarudi hospitalini kwa muda mrefu, na huwashinda kaka yake na vijana wa mtaani kwa mbio, wakati mwingine. Jiko la mama kule Munje tulilitoboa dirisha kubwa na kulitia dohani. Mama alilalamika kwamba sasa mwanga unaonyesha kila uchafu. Kikohozi chake hakikuondoka, kilikuwa kimekaa mno, ila kimepunguza sauti. Nina mtoto wa tatu pia, wa kiume, ambaye hajajua dirisha la kuzibwa.

Wiki hii binti yangu alirudi shuleni amenuna. Kila Ijumaa, baada ya usafi, darasa lao hufagia karatasi na majani, wakayachoma nyuma ya madarasa wakati wenzao wa chini wako mchezoni. Alimwambia mwalimu kwamba moshi ule unawafikia wadogo, na kwamba kuna wawili katika chekechea ambao wanabanwa kama yeye. Mwalimu alimwambia asiwe na maneno mengi, kama kifua kinamsumbua akakae darasani. Alikataa kukaa darasani. Alisimama pale pale, kando ya wale wadogo, mpaka moto ukazimika.

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Alisema hataki niende kugombana na mtu, anataka niende naye kwa mwalimu mkuu, aongee yeye, mimi niwepo tu. Nimeomba ruhusa kazini. Mkokoteni unapita karibu na lango la shule kila wiki, na mwenye mkokoteni nimeshazungumza naye achukue na taka za shule. Jumatatu asubuhi tutakwenda.